Uji Ambao Kezimana Hakuonja

Wewe uligeuza uso. Usiniambie hukuwepo. Ulikuwa kwenye ua wa Adolphine, hapa hapa Baraka, umeshika kikombe, na Kezimana alipouliza nani atamshuhudilia, ukaanza kutazama kuku. Mlikuwa watatu mnaojua ukweli. Wote mkatazama chini, sawa vile kuna kitu kimeanguka.

Basi nitaisimulia habari hii kuanzia mahali ambapo hamtaki ianzie. Haikuanzia kwenye uji. Ilianzia kwenye mchanga.

Adolphine anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, kama mama yake alivyoanika. Ukila ndagala wake, mchanga unalia kwenye meno, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu wa kila mtu walilia hivyo. Kezimana alipofika akikimbia vita vya Burundi, mtoto mgongoni, ni Adolphine aliyemsogezea nafasi ufuoni. Alimwazima beseni. Alimsahihisha Kiswahili, wakacheka pamoja. Walikula sahani moja, hilo na wewe ulikuwa unaliona.

Kisha Kezimana akasimika vijiti, akatandika juu yake wavu uliochanika ambao wavuvi walikuwa wameutupa, akaanika ndagala wake pale, upepo unapita juu na chini. Mchanga ukaisha. Dawa aliyotumia ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Sikusomeshwa ile elimu ya akili za watu, saikolojia. Nimejisomea mwenyewe, nusu yake kwa Kifaransa kinachonishinda, lakini jambo moja nimelielewa vizuri. Mtu hamwonei wivu aliye mbali. Tajiri wa boti ya injini akipita, Adolphine anampungia mkono. Wivu unataka jirani, mtu mwenye beseni kama lako, aliyeanza nyuma yako, na wewe ndiye uliyempokea.

Wateja wa kutoka Fizi wakaanza kumruka Adolphine. Hilo alilimeza. Lililomkwama ni la mama mkwe wake, bibi Anastasie, anayekaa kule juu Fizi-Centre. Adolphine alimpelekea ndagala kama siku zote. Bibi akafungua, akanusa, akauliza kwa upole kabisa: "Mukwe wangu, bale ba mama Murundi balikosekana?"

Adolphine alinieleza mwenyewe, ameinama majini, anasugua beseni lililokwisha kutakata.

"Mi njo nilimupa fasi," alisema. "Kiswahili chenyewe mi njo nilimufundisha. Leo batu banapita mbele yangu, banauliza Kezimana iko wapi. Na banauliza mi."

"Basi na we weka wavu, dada."

"Nimuige? Ili bapate kunicheka?"

Angeweza kutandika wavu jioni ileile. Hakuweza. Kumwiga kungekuwa kukubali mbele ya ufuo mzima kwamba mwanafunzi amempita, na mtu yuko tayari kula mchanga miaka kumi kuliko kukubali hilo.

Hapo ndipo Nadège, binti yake Adolphine, akajifungua. Kezimana akaja kumwona mzazi, amebeba uji wa mtama kwenye termosi. Unajua desturi yetu, na kwao Burundi ni hiyo hiyo: anayeleta kinywaji anaonja kwanza, watu waone, ndipo mwingine anywe. Tunaogopa sumu tangu zamani. Lakini wiki ile chumba chenu cha maombi, wewe, Ketsia, Cassilde na Kezimana, kilikuwa kwenye mfungo, na mlikuwa mmeagana kutomwambia mtu yeyote, maana anayetangaza mfungo wake mnasema ameupoteza. Kezimana akashika ahadi. Akamimina, akampa Nadège, akakaa.

"Kezimana, we hauonje?" Adolphine akauliza.

"Leo hapana, dada. Akunywe tu."

"Akunywe tu," Adolphine akarudia polepole, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

Kesho yake Nadège akapata homa, akatapika. Muuguzi akampima, akakuta malaria, akampa dawa. Leo hii ananyonyesha na anadai ugali. Lakini nani alimsikiliza muuguzi? Mwenye wivu hatafuti sababu. Sababu anayo tangu zamani, anatafuta tu mahali pa kuitundika. Adolphine hasemi uongo, usikosee hapo. Anaamini kabisa. Ndiyo maana ni hatari.

Akaita watu uani, akasema uji ule ulitiwa sumu. Kezimana akasimama katikati.

"Nilikuwa nafunga," akasema. "Benzangu ba maombi banajua."

"Benzako gani? Basimame tubaone."

Ndipo ukatazama kuku.

Nilimfuata Ketsia barabarani. "Dada, ulifunga naye."

"Kaka, mi nilikuwa nangojea Cassilde aseme."

Nikaenda kwa Cassilde. "Ketsia alinyamaza," akasema, "nikafikiri labda iko kitu anajua juu ya yule mama."

Ndivyo tulivyo. Kila mmoja anasoma ukweli kwenye uso wa mwenzake, na mwenzake naye anasoma kwake. Na wewe ulikuwa unawangojea hao wawili. Ila wewe una lingine, na nitalisema hapa. Wewe pia unauza ndagala. Baadaye, Kezimana akiwa bado analia, nilikuona ufuoni unaipima nafasi yake kwa macho.

Mimi sisahau. Nilikuwa kijana walipomfukuza mjane mmoja kijijini, kwenye njia ya kwenda Lulimba, kwa maneno haya haya ya uji na sumu. Waliopiga kelele zaidi ndio waliopanda muhogo kwenye shamba lake kabla mvua haijaanza. Waliojua kwamba hana kosa walikwenda kanisani Jumapili kama kawaida, wakaimba vizuri.

Wavu wa Kezimana vijana wameshaung'oa. Sasa wanataja petroli, na hawashushi tena sauti wanapoitaja. Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, amesema asipopata shahidi leo, Kezimana aondoke, na kwamba huko njiani yeye hataweza kumlinda. Nilitaka kushuhudia mimi. Akaniuliza kama nasali nao. Sisali nao. Akasema hayo yangu ni ya kusikia.

Yako si ya kusikia. Ulipiga magoti kando yake, tumbo lako na lake yanalia pamoja.

Wanakutana saa tisa, kwa chef. Usimpitie Ketsia, usimngoje Cassilde, ukisimama wewe watasimama. Weka chini karatasi hii. Jifunge kitenge, nenda, simama mbele ya Adolphine, umtazame yeye na si kuku, useme: alikuwa anafunga, mi nilikuwa naye. Nenda sasa.