Udongo wa Banda la Tatu

Kila banda la maua lilikuwa na beseni la dawa mlangoni, na kila aingiaye alitakiwa kuchovya buti zake za mpira humo, ya kulia kisha ya kushoto, ndipo akanyage ndani. Msimamizi alilishikia bango jambo hilo mpaka wafanyakazi wakamwita Bwana Beseni. Aliwahi kumrudisha mlangoni meneja mwenyewe, na meneja akarudi bila kunung'unika.

Ugonjwa ulikuwa banda la tatu. Mmea ulianza kugeuka manjano upande mmoja, kisha ukanyauka wote, na ukipasua shina unakuta mistari ya kahawia. Kuvu yake hukaa udongoni miaka na miaka, haina haraka. Kwa hiyo mimea iling'olewa pamoja na udongo wake na kuchomwa, na aliyetoka banda la tatu hakuruhusiwa kuingia la nne bila kupita besenini.

Asubuhi moja wanunuzi wageni walifika kabla ya wakati. Meneja akataka maua ya mezani, upesi. Msimamizi alitoka banda la tatu mbio, akaona beseni la banda la nne limejaa pomoni, akaona pia suruali aliyoipigia pasi kwa ajili ya wageni, akaliruka. Baadaye banda la nne likaanza kunyauka, kuanzia pale alipotua.

Meneja alipouliza, msimamizi alisema beseni lilikuwa tupu. Maneno yalimtoka tu. Mwenye kazi ya kujaza mabeseni alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na ni yeye msimamizi aliyemwombea kazi hiyo. Shemeji huyo alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Jioni msimamizi alimkuta nyumbani akimenya viazi, maana alikuwa akikaa kwao.

"Pole, shemeji," alisema.

"Nimeshapoa."

Kesho yake udongo ulianza kumtoka msimamizi miguuni. Ulipenya katikati ya vidole, mbichi, wenye vipande vya mizizi. Aliosha miguu, akaisugua kwa jiwe, akavaa soksi mbili mbili. Kila alipokanyaga aliacha unyayo wa udongo sakafuni. Mkewe, aliyewahi kufanya kazi shambani, aliuchota kidogo akaunusa.

"Wa banda la tatu huu," alisema. "Usikanyage zulia."

Kazini hakuna aliyeshangaa. Walimpisha tu. Fundi wa mabomba akatania, "Bwana Beseni siku hizi anatembea na shamba lake." Wakacheka, kisha wakakumbuka aliyefukuzwa, wakarudi kazini. Msimamizi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ndiyo hiyo iliyokuwa ikimtoka.

Akaamua kusema. Alijifunza maneno yake mbele ya kioo cha bafuni, akayabeba hadi kwa meneja. Meneja alizitazama nyayo, kuanzia mlangoni hadi mezani kwake, akazielewa zote.

"Mabandani huingii tena," alisema. "Nimekutafutia ofisi yenye vigae. Kuvu haioti kwenye vigae. Utakuwa msaidizi wangu."

"Lakini mkuu, lile beseni..."

"Lilikuwa tupu," meneja alisema taratibu. "Wageni tumeshawaambia hivyo, na wameridhika."

Msimamizi alikuwa amekuja kusema neno moja. Akasema, "Asante."

Udongo wa ofisini ulihitaji kufagiwa kutwa nzima na kuchomwa, kama sheria ya shamba inavyotaka. Akatafutwa kibarua, mtu mwaminifu anayejua kuchanganya dawa. Msimamizi akamwombea shemeji yake nafasi hiyo pia, na kwa siku nzima akajiona mtu mwema.

Shemeji alifika na ufagio, kizoleo na ndoo. Alimwamkia kwa heshima zote anazostahili msaidizi wa meneja, kisha akaanza kufagia kutoka mlangoni. Msimamizi aliketi nyuma ya meza yake mpya, uso ukimwaka kwa aibu, asijue aweke wapi macho.

"Shemeji," alisema hatimaye, "mimi na wewe tunajua."

"Kila mtu anajua," alijibu, akiinama chini ya meza. "Inua miguu."

Akainua.