Abiria Wasiosafiri

Shoga yangu Mwanasha alifariki alfajiri kule Kiswere. Aliusia kwamba akifa nimuoshe mimi, si mwingine. Wanawe wakanipigia simu kusema watamzika alasiri. Nikatia sanda na kafuri mkobani, saa tatu nikawa stendi ya Nangurukuru.

Hussen, dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria saba, alinipokea kama mke wa mkuu wa wilaya.

"Shikamoo bibi. Bado mmoja tu, tunaondoka."

"Marahaba. Huyo mmoja yuko njiani au hajazaliwa?"

Akacheka, akanifungulia mlango. Ndani walikaa vijana watano wenye afya zao, hakuna hata mmoja mwenye mfuko. Basi la Lindi, njia moja na Kiswere, likapita, nikaliacha. Haraka ya nini, nami nimo kwenye gari linaloondoka?

Akaja mwalimu Benadetha na begi lake, anakwenda Lindi. Kijana mmoja akashuka kumpisha, eti anakwenda kukojoa. Kojo lile lilikuwa refu, maana baadaye nilimwona amekaa ndani ya gari la nyuma yetu. Na Hussen bado anaita, "Mmoja tu, mmoja tu."

Pembeni alisimama Erasmo, kijana wa kutoka Dar, na kishikwambi mkononi. Alitumwa kuhesabu wanaohitaji teksi za kuchangia. Kijana akipanda kwetu, anabonyeza. Akishuka akapanda la nyuma, anabonyeza tena.

"Mama, uhitaji hapa ni mkubwa kuliko tulivyotarajia," akaniambia dirishani. "Asubuhi hii tu wamesafiri themanini na mmoja."

"Mashaallah. Na mimi nimo?"

"Umo."

"Basi nimeshafika. Mbona siioni Kiswere?"

Akaandika na hilo.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikashuka nikaswali, nikarudi, gari halijasogea hata shubiri. Hapo nikamwambia Hussen, kwa sauti yangu ya kawaida:

"Mwanangu, mimi ni muosha maiti. Nimebeba sanda. Kuna marehemu Kiswere anazikwa alasiri, na hazikwi kabla hajaoshwa. Wewe endelea kumngoja mmoja wako."

Stendi nzima ikasikia. Kwetu huku ukisikia msiba ukabaki umekaa, watu watakusema mpaka uzikwe na wewe. Wa kwanza kurudi alikuwa yule wa kukojoa. Wakafuata wenzake wa gari la nyuma, wakabanana wawili wawili.

"Shukeni," Hussen akasema. "Nyinyi si abiria."

"Tunakwenda kuzika. Au wewe hutazikwa?"

"Na nauli?"

"Nauli ya mazishi umeisikia wapi, bwana wee?"

Hussen akatazama msikitini, watu ndio wanatoka. Akawasha gari.

Erasmo akakimbilia dirishani. "Mama, fomu inataka sababu ya safari. Kazi, shule au biashara?"

"Mimi andika kazi."

"Na hawa vijana?"

"Hawa usiwaandike. Leo ndiyo wanasafiri, watakuharibia hesabu."

Kiswere tuliwakuta wameshapasha maji, na alasiri bado. Vijana wakapokea majembe bila kuulizwa ni nani. Nami nikavua viatu, nikaingia kwa Mwanasha, nikasema bismillahi, nikaanza na mkono wake wa kulia.