Nondo wa Madoa Matatu

Shangazi yangu alifanya kazi chumba cha wadudu cha makumbusho miaka thelathini, akaniingiza nami nifagie. Shule niliishia darasa la nne, lakini jambo moja alinifundisha vizuri: kuwatofautisha nondo wa kijivu. Kwa juu wanafanana kama majivu ya jiko moja. Ukimgeuza mmoja na kumpuliza taratibu begani, utaona. Asiye na doa tunamwita wa kwanza, mwenye doa moja ni wa pili, mwenye mawili ni wa tatu. Hakuna wa nne.

Miezi minne baada ya kifo chake, mkubwa mpya alisema droo za nondo wale zichomwe, maana hakuna aliyebaki anayewajua. Siku mbili nilifagia tu. Siku ya tatu nikamwambia mimi nawajua.

Akaniuliza tangu lini ufagio ukawa na shahada. Kisha akachomoa nondo kumi na wawili na pini zao, akawachanganya, akazishika lebo zao mkononi kwa mfuatano uleule. Nikikosea mmoja, droo zote motoni.

Wa kwanza. Wa tatu. Wa pili. Kila nilipotaja alitazama lebo, na kicheko kikawa kinamkauka. Nikapata kumi na mmoja.

Wa mwisho nilimgeuza, nikapuliza. Madoa matatu.

Nilisema huyu simjui. Mkubwa akasema basi nimekosea, akageuza lebo ili anisomee jibu. Hakusoma. Alinionyesha tu. Ulikuwa mwandiko wa shangazi, ule wa kulala upande: "Wa nne." Chini yake, tarehe ya jana. Shangazi ana miezi minne kaburini.

"Umeandika wewe," akasema.

Nikamwomba amguse. Nondo wa zamani hukauka, ukimgusa anavunjika kama ganda la kitunguu. Bawa la huyu lilipinda, likarudi taratibu. Mkubwa akajifuta kidole kwenye suruali.

"Nani ana funguo za humu?"

"Ziko mbili tu, mkubwa. Mmoja huu hapa shingoni kwangu. Wa pili shangazi aliushona kwenye pindo la koti lake la kazi."

"Koti liko wapi?"

"Tulimzika nalo. Ufunguo tuliukumbuka tukiwa tumesharudi nyumbani."

Aliisukuma droo kwa ncha za vidole mpaka ikafungika. Akasema hakichomwi kitu.

"Kesho utangulie wewe, dada," akaongeza akiwa mlangoni. "Mimi nitakuja ukishaingia."