Kifungu cha Mwanamke Mtu Mzima

Udongo wa kaburi la mke wangu haujakauka vizuri, serikali ikabisha hodi. Ilikuja kwa miguu ya afisa ustawi, mama mwenye mwavuli na mkoba uliofura mafaili. Akakaa kwenye kochi la mteja ambalo sijamaliza kulipigilia kitambaa, akasema, "Pole sana, baba. Nimekuja kuhusu mtoto."

Mtoto ni Chiriku. Shuleni ana jina jingine, lakini nyumbani ni Chiriku kwa sababu hanyamazi. Mama yake alikuja naye nilipomwoa, bado anatambaa, na aliyemzaa hajulikani alikopotelea. Alijifunza kusimama hapa hapa kwangu, akishika kingo za makochi ya watu. Ananiita baba. Sasa yuko darasa la saba na ananikaripia kwa sauti ile ile ya mama yake.

"Ana nini mtoto?" nikauliza.

Afisa akaeleza. Sheria ya malezi inasema mtoto wa kike haruhusiwi kulelewa na mwanamume asiye wa damu yake, isipokuwa kama nyumbani humo anaishi mwanamke mtu mzima wa ukoo wa mtoto. Mwanamke huyo alikuwa mke wangu. Amekufa, kwa hiyo na ubaba wangu umezikwa naye. Shule zikifungwa, Chiriku aende kwa mama yake mkubwa, mji mwingine kabisa, akaanze upya mahali asipopajua.

"Mimi nimemlea huyu tangu hana jino!"

"Najua, baba. Hata mimi sheria hiyo hainipendezi."

"Kama haikupendezi unaifuata ya nini?"

"Ni sheria."

Ndivyo walivyo hawa. Mtu wa ofisi atakubaliana na wewe mpaka machozi yamlengalenge, halafu atakufanyia lile lile alilokuja kukufanyia. Alipoinuka akanipa matumaini, na bora asingenipa. Kuna Tume, akasema, ya kupitia sheria zote za zamani na kuzifanya ziende na wakati. Tume iko huru, haimwogopi waziri wala nani. Itakuja kusikiliza wananchi kwenye ukumbi wa halmashauri. Nenda ukaseme, baba.

Nikaenda. Nilivaa shati alilonishonea marehemu. Chiriku akanifuata, na nyuma ya Chiriku akaja shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi hiyo kuja kumchukua mtoto. Mimi na shemeji hatujawahi kupikika chungu kimoja. Siku ya posa alisema mbele ya watu kwamba mdogo wake anaolewa na sponji.

"Unakuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Nakuja kusikiliza utakavyoharibu."

Wananchi tulipewa viti vya plastiki. Wajumbe wa Tume walikuwa jukwaani kwenye viti vya kuzunguka, sponji nene, ngozi laini. Kazi yangu ni kukalisha watu, na nakwambia, aliyezoea kiti kile hana haraka ya kuinuka. Katikati alikaa mwenyekiti, jaji mstaafu, anaongea kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

Nikapewa kipaza sauti.

"Unazungumzia kifungu gani, mzee wangu?"

"Nazungumzia binti yangu."

"Naam. Yuko kwenye kifungu gani?"

"Yuko mstari wa nyuma pale, mwenye sweta ya kijani."

Ukumbi ukacheka. Chiriku akapunga mkono. Mimi sikucheka. Nikaeleza yote, tangu kutambaa mpaka mwavuli wa afisa ustawi. Katibu wa Tume, kijana mwenye tai, akamnong'oneza mwenyekiti, na mwenyekiti uso ukamkunjuka.

"Ahaa, kile! Mzee wangu, kile hatubishani. Tume imeshakisoma. Kimepitwa na wakati, tena kinadhalilisha."

"Basi kifuteni twende nyumbani."

"Sisi hatufuti. Sisi tunapendekeza."

"Mmeshapendekeza?"

"Tuko kwenye hatua. Tunakusanya maoni, tunaandika rasimu, rasimu inarudi kwa wadau, tunaiboresha, ndipo inakwenda kwa waziri, naye akiona inafaa ataipeleka bungeni."

"Na binti yangu?"

"Kwa sasa sheria ni ile ile."

"Nimeambiwa nyinyi mko huru."

"Huru kabisa."

"Mko huru kufanya nini?"

Akazungusha kiti chake kidogo. "Kushauri," akasema.

Mhudumu akaja kuchukua kipaza sauti. Nikakishika. Akavuta, nikavuta. Watu wakapiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Mpeni mzee mtoto wake!" Mwenyekiti akawa anagonga meza polepole, kama anaogopa kuiumiza. Hapo nikasikia kiti cha plastiki kikisukumwa nyuma yangu, na sauti ambayo sikuhitaji kugeuka kuijua.

"Mnatuchosha!" alisema shemeji. "Hebu niambieni kitu kimoja tu. Hicho kifungu kinataka mwanamke mtu mzima wa ukoo wa mtoto akae ndani, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," akasema katibu.

"Mimi mnanionaje? Mwanaume?"

"Hapana, mama."

"Mtoto?"

"La hasha, mama."

"Mama wa huyu binti tumenyonya titi moja. Basi nahamia kwa huyu bwana mpaka mmalize kuandika." Akanigeukia. "Na usinikodolee macho. Sikufuati wewe. Huyu mtoto tangu juzi analia kwenye simu, nani atakaa naye hivyo?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Afisa ustawi, mlangoni na mwavuli wake, alipiga kuliko wote. Mwenyekiti akatabasamu, akamgusa katibu begani. "Hilo liandike," akasema.

Shemeji akahamia. Chumba changu akachukua yeye na Chiriku, mimi nikalala karakana kati ya springi za makochi. Redio ikawa yake. Nikila ananihesabia matonge. Vikombe vya marehemu akavipanga upya mpaka nikawa napapasa kabati langu kama mgeni. Mtaani nako wakaanza, ooh, fundi kahamishia dada mtu ndani. Sasa hebu fikiria akili za waliotunga ile sheria: haitaki binti akae na baba aliyemlea, lakini haioni shida mimi kukaa nyumba moja na mwanamke asiye mke wangu.

Lakini Chiriku alibaki. Alikwenda shule ile ile, akarudi akipiga domo lile lile, na Ijumaa akipita kumwagilia maua kwenye kaburi la mama yake. Kwa hilo nilikuwa tayari kulala hata juu ya misumari.

Shemeji alichoka kabla yangu. Ana kwake, na mkwe wake alikuwa mjamzito, tumbo la kwanza. Kila siku mwanawe anapiga simu, "Mama, unarudi lini?" Kwa hiyo tuliposikia Tume inarudi kusoma ripoti yake, alifungasha sanduku tangu jana yake. "Leo wanaifuta," akasema, "kesho napanda basi. Nimekuvumilia vya kutosha."

Tukaenda wote watatu. Ripoti ilikuwa nene, imejaladiwa vizuri. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti yake ya kubembeleza, tukapita sheria ya mbwa wasio na mwenyewe, tukapita sheria ya taa za baiskeli, mpaka tukafika.

"Kuhusu kifungu cha mwanamke mtu mzima," akasoma, "Tume imejiridhisha kwamba katika utekelezaji hakijamtenganisha mtoto yeyote na mlezi wake. Familia zimeonyesha uwezo wa kupata ufumbuzi zenyewe. Kwa hiyo si cha haraka, na kitaangaliwa katika awamu ijayo." Akainua macho, akatuona, akafurahi. "Kama familia hii hapa. Tuwapigie makofi."

Wakatupigia!

Nikasimama bila kipaza sauti. "Ufumbuzi wenyewe ni huyu! Mwangalieni! Amechoka, anataka kwenda kwake!"

"Ndiyo maana tunampongeza, mzee wangu."

"Akiondoka, mtoto anachukuliwa!"

"Hilo likitokea, utuletee. Litatusaidia sana kwenye awamu ijayo."

"Awamu ijayo lini?"

"Itategemea bajeti."

Wamesoma wale. Wamesoma mpaka nywele zimekimbia vichwa vyao. Wanangoja mtoto aumie kwanza ndipo wapate la kuandika. Nilitaka kurusha kiti, shemeji akanishika mkono. "Acha," akasema, "ni cha plastiki. Hakitawaumiza."

Tukarudi nyumbani. Shemeji aliingia chumbani akakaa kitandani kando ya sanduku. Chiriku akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, alikuwa kimya. Kimya chake kilinitisha kuliko sheria.

"Shemeji," nikasema, "wewe nenda. Umeshafanya vya kutosha. Mimi nitajua la kufanya."

"Utajua nini wewe? Umewahi kujua nini?"

Simu ikalia. Alikuwa mwanawe. Shemeji akamsikiliza, akaitikia mhm, mhm, huku anamtazama Chiriku, Chiriku naye anatazama sanduku. Mwisho akasema, "Sikiliza, baba. Mlete mkeo ajifungulie huku. Ndiyo, huku. Hospitali ipo. Wa kumbeba mtoto yupo, tena ana mdomo wa kumwimbia mpaka asubuhi. Mimi siondoki."

Akakata simu, akafungua sanduku, akaanza kurudisha nguo zake kabatini, moja moja, akimsema mwenyekiti, akimsema waziri, akinisema mimi, wote kwa pumzi moja. Chiriku akamrukia shingoni nusura waanguke.

"Niachie, utaniua, halafu sheria ikupeleke kwa nani?" Akanigeukia, macho mekundu. "Na wewe unangoja nini hapo? Toa makochi yako sebuleni. Kuna mzazi anakuja."

Nikaanza kuyatoa.