Tokeni ya Majani ya Migomba

Siku ya nne Baba alikataa tena uji. Nilimletea kikombe, akakitazama, akageuza uso.

"Dereva hali njiani," alisema. "Nitakula nikifika."

"Unafika wapi, Baba?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, mkono wa kulia ameutoa nje ya mlango, kiwiko amekikunja kidogo, kama mtu anayetaka kuangikiwa kitu. Siku nne mkono ule ulikaa hivyo. Ukichoka aliushusha, akipumzika kidogo akautoa tena.

Baba yangu, mzee Ongom, alifanya kazi ya reli tangu ujana. Alianza kwa kuwasha moto wa injini za moshi, akamaliza kama dereva wa dizeli. Mimi ni mtoto wake wa mwisho. Mama alifariki, ndugu zangu wametawanyika, tukabaki wawili katika chumba kimoja cha Namuwongo, hapa Kampala, si mbali na reli. Miaka miwili sasa akili yake inatoka kidogo kidogo. Kwanza alisahau mwaka, halafu akasahau kwamba Mama amekufa, halafu akanisahau mimi.

Jirani yetu Santa, mke wa polisi, alikuja na sahani ya viazi. Santa akiongea, watu wa ng'ambo ya reli wanasikia.

"Dereva!" alimwita. "Leo umegoma? Hata serikali ikigomewa inakula!"

Zamani Baba angemjibu kwamba mke wa polisi hajui kugoma, anajua kupiga filimbi tu.

Santa akanivuta pembeni. "Akech, nesi alisema nini?"

"Alisema koo ni zima, tumbo ni zima. Ni yeye mwenyewe anakataa. Alisema asipokula leo au kesho, mwili utaanza kujizima."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Wewe kila siku unaongea kama umeficha peremende mdomoni."

Ni kweli. Niliacha shule darasa la tano, na sababu moja ni hiyo. Mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome mbele ya wenzangu, maneno nayaona, lakini sauti haitoki. Siku moja nilisimama hadi kengele ikalia. Sikurudi tena.

Santa alipoondoka niliketi chini nikamtazama Baba. Nilikuwa natoka kuteka maji, na ngata ilikuwa bado mkononi mwangu, ile pete ya majani makavu ya migomba ninayoweka kichwani chini ya mtungi. Nilitazama ngata, nikatazama kile kiwiko kilichokunjwa, nikakumbuka.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili Baba alinipeleka kutazama treni za mizigo. Tulihesabu mabehewa. Kila dizeli ikipita aliitukana. "Sikia hiyo, inanguruma kama mgonjwa wa tumbo. Injini ya moshi ilikuwa inahema, Akech. Ukipanda nayo mlima wa Kyambogo unasikia inachoka kama wewe unavyochoka. Unaionea huruma, nayo inakuonea." Na kila Jumapili alinieleza habari ya tokeni. Reli ni moja, treni ni nyingi. Kwa hiyo kati ya stesheni na stesheni kulikuwa na tokeni moja tu, kipande cha chuma ndani ya mfuko wa ngozi, na mfuko umefungwa kwenye pete kubwa. Stesheni masta aliinua ile pete, na dereva akaipokea kwa mkono treni ikiwa inatembea, ikaingia hadi kwenye kiwiko. Bila tokeni, dereva haondoki hata akipigwa. Akifika stesheni ya mbele anamrudishia masta wa huko, ndipo safari imekwisha, ndipo anashuka na kula.

Baba hakuwa amegoma. Kwa siku nne alikuwa akingoja tokeni, na hakuna mtu aliyempa ruhusa ya kuondoka.

Nilisimama mbele yake nikainua ngata. Mkono wake ukaja wenyewe, haraka, kama mkono wa kijana. Ngata ikapita kwenye vidole, ikapita kifundo, ikakaa kwenye kiwiko.

"Njia nyeupe," alisema, neno la madereva la njia iliyo wazi, akainuka.

Nililia kwa furaha. Nilifikiri: nitampeleka reli, tutatazama treni ya asubuhi kama zamani, tutarudi, nitamwambia amefika, atakula. Nilijiona mwenye akili kuliko nesi.

Alitembea mbele yangu mgongo umenyooka. Pale kwenye reli watu walikuwa wamepanga vitu kama kawaida, nyanya, makaa ya mafungu, nguo zimeanikwa juu ya mawe. Hippolyte, Mkongomani anayeuza viatu vya mitumba, alitandaza mali yake hatua mbili tu kutoka kwenye chuma.

"Papa Ongom! Siku nyingi! Umekuya kununua kiatu, ama kutukana dizeli?"

"Viatu vyako vyote ni vya mguu wa kushoto," Baba akasema.

Hippolyte akacheka, na mimi nikacheka. Ulikuwa mzaha wa kwanza baada ya miezi mingi. Nilitazama chini kuficha uso wangu, maana macho yalikuwa yamejaa.

Ndipo treni ikapiga honi upande wa Nakawa. Wauzaji wakaanza kuvuta vitu vyao bila haraka, wamezoea. Mama wa nyanya akakunja gunia lake, Hippolyte akaburuta turubai. Nilipoinua macho, Baba alikuwa amesimama katikati ya reli.

"Baba, toka."

Alianza kutembea juu ya mataruma, hatua kwa hatua, akielekea kule honi ilikotoka.

"Baba, treni inakuja!"

"Haiwezi kuja," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mgeni kazini. Aliinua kiwiko akanionyesha. "Tokeni ninayo mimi. Njia ni yangu hadi stesheni."

Ni mimi niliyempa. Kwa dereva wa zamani, mwenye tokeni hana cha kuogopa, kwa sababu hakuna treni nyingine inayoweza kuwa kwenye njia ile. Bila ngata angebaki kwenye kiti chake, mwenye njaa lakini salama. Mimi ndiye niliyemwambia njia ni nyeupe.

Nilimshika shati, nikavuta. Shati likachanika. Hippolyte alikuja mbio akamkumbata kiunoni. "Papa, utoke! Inakuya!" Baba akampiga kiwiko cha mdomo. Mzee wa siku nne bila chakula, sijui zile nguvu zilitoka wapi. Hippolyte akaanguka kwenye mawe, damu ikamtoka. Treni ilitokea kwenye kona, makontena nyuma yake, honi sasa haikatiki. Breki zililia, lakini mzigo ule hausimami kwa kutaka. Watu walipiga kelele, "Mzee! Mzee!" Baba alikuwa anawapungia mkono kana kwamba ni abiria wake.

Nilijua nisipomwondolea tokeni hatatoka. Na hampi mtu yeyote isipokuwa mmoja, masta wa stesheni ya mbele.

Niliruka nje ya reli, nikakimbia nikampita, nikasimama juu ya rundo la mawe pembeni. Niliinua mkono wangu wa kulia. Kwetu mtoto hamwiti baba yake kwa jina. Nilifungua mdomo, na mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili nikapiga kelele hadi koo likauma:

"Stesheni! Ongom! Dereva Ongom! Umefika! Leta tokeni!"

Baba akasimama. Akanitazama, akatazama mkono wangu. Akavuka chuma bila haraka, akashuka, akaitoa ngata kwenye kiwiko na kuivika kwenye mkono wangu.

"Tumechelewa kidogo, masta," alisema. "Mvuke ulikuwa mdogo."

Treni ikapita nyuma yake. Upepo wake ulitusukuma sote wawili. Sikuhesabu mabehewa.

Alikula. Aliketi palepale kwenye mawe akala chapati mbili za mama anayeuza jirani na mama wa nyanya, akanywa chai, mafuta yakimtiririka kidevuni.

"Masta," aliniuliza akitafuna, "una watoto?"

"Sina. Na wewe?"

"Ninaye mmoja wa kike. Mpole sana. Sauti yake sijaisikia siku nyingi, sijui walimpeleka wapi."

Nilimpangusa mafuta kidevuni.

Usiku ule niliapa kuichoma ile ngata. Sikuichoma, niliifunika kwa beseni. Asubuhi Baba alikaa mlangoni, na mkono ulikuwa nje, kiwiko kimekunjwa. Nilimpa uji.

"Nitakula nikifika."

"Umefika!" nilipiga kelele. Santa alitoa kichwa dirishani kwake kuona ni nani. "Ongom, umefika! Kula!"

Alinitazama kwa huruma. "Nimefikaje, masta, bila tokeni?"

Niliketi pale hadi uji ukaganda. Nilijaribu kukifikisha kijiko mdomoni mwake, akafunga meno. Nilitazama shingo yake, jinsi mishipa ilivyosimama. Saa tatu honi ililia upande wa Nakawa, na vidole vyake vikafunguka.

Nilichukua leso ya Mama, ile ndefu ya kubebea mtoto. Ncha moja niliifunga kiunoni mwangu, ncha nyingine kiunoni mwake. Fundo nililifunga mara mbili, nikalivuta kwa meno. Kisha nikafunua beseni.

"Njia nyeupe?" aliuliza.

Nikainua ngata.