Kumwombea Oyet

Filda alimkuta shemeji yake, katekista Cleopas Okullo, palepale anapokuwa kila Jumamosi mchana: uwanjani karibu na soko, Kawempe, kipaza sauti mkononi, akiwabana walokole kwa Biblia. Oyet, mwana wa Filda, alikuwa ndani ya jeneza tangu asubuhi, na mazishi yalikuwa saa kumi.

"Shemeji, nakuomba pembeni kidogo," alinong'ona.

Pembeni! Cleopas huyu huyu? Alimshika mkono akamvuta hadi katikati ya watu.

"Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Alijidai kaokoka, akatupa rozari ya mama yetu chooni. Haya, shemeji, umefuata nini?"

Mchungaji wa Filda alishamwambia kwamba kijana amekufa mlevi, hakuokoka, kumwombea ni kujichosha bure. Lakini jamani, mama gani atafunga mdomo mwanawe akifukiwa? Na Oyet alibatizwa Mkatoliki.

"Njoo umwombee Oyet."

Cleopas alicheka, akacheka tena. "Kumbe wafu wanaombewa! Si mlisema toharani ni hadithi yetu? Wamakabayo, kitabu cha pili, sura ya kumi na mbili: kuwaombea wafu ni jambo takatifu. Kitabu hicho nyinyi mmekitoa kwenye Biblia, leo mnakitaka! Sema hapa, watu wasikie: mchungaji wangu ni mwongo. Ukisema, nakuja."

Hoja zake zilikuwa sawa, tusimsingizie. Roho yake ndiyo ilikuwa mbaya.

Filda alisema. Alisema mara tatu, maana Cleopas alidai walio nyuma hawajasikia, na simu zilikuwa juu zikirekodi. Mara ya tatu Cleopas, mtu mzima yule, akaruka kama kafunga goli.

"Twende basi, shemeji. Saa zinakwenda."

"Wewe tangulia. Kuna mlokole hapa anamsema vibaya Bikira Maria. Nikimmaliza nakuja."

Akatangulia nyumbani. Video ilikuwa imefika kabla yake. Watu wa kanisa lake walishakunja turubai na kupakia viti garini, na mchungaji alipita mbele yake bila hata pole. Jeneza walikuwa wameliacha juani, kando ya kaburi nyuma ya nyumba, pamoja na wachimbaji wawili waliokodiwa.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na mbili wachimbaji wakasema giza linaingia, wanataka kwenda. Cleopas hakutokea, hata simu hakupokea.

Filda alipiga magoti. Sala ile ya Kikatoliki ya kuwaombea wafu aliijua tangu utotoni. Mmoja huanza, wengine huitikia.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," alisema, akanyamaza akingoja.

Wachimbaji walitazamana. Mmoja akaokota sepetu, akamuuliza kwa upole kama amemaliza.