Kisu Kilichoongea Kigogo

Jumamosi saa tisa alasiri Penina, dada wa kazi, aliifuta meza ya barazani kwa kitambaa chenye maji, akaipangusa tena kwa kitambaa kikavu kwa sababu visu havitaki unyevu, kisha akatandika blanketi la kijivu. Juu ya blanketi akaweka bakuli la zabibu za Makutupora, jagi la maji na glasi nne. Upepo wa mtaa wa Kisasa ulikuwa umepumzika siku hiyo, vumbi limekaa chini. Mwenye nyumba, baba Eliakimu, alikuwa ameshatoka chumbani na kasha lake la mbao.

Eliakimu alikuwa afisa wa wizara. Mke na watoto walikuwa Dar es Salaam, na hapa Dodoma kilichomliwaza ni visu. Si visu vya jikoni, wala vile vya kukunja vya kutia mfukoni. Alipenda visu vya porini, vya chuma kimoja kinachokwenda moja kwa moja kutoka nchani mpaka mwisho wa mpini, vinavyolala kwenye ala. Wenzake watatu wenye ugonjwa huohuo walikuja kila Jumamosi na vya kwao, wakavilinganisha: chuma gani kinashika makali, mpini gani hautelezi mkononi ukiwa na jasho, ala gani haipigi kelele mtu akitembea.

Walikuwa na adabu zao. Kisu cha mtu hakiguswi na mkono mwingine. Mwenyewe ndiye anayekichomoa, anakigeuzageuza kwenye mwanga mbele ya wenzake ili makali yaonekane, halafu anakirudisha. Wengine wanakula zabibu na kutazama.

Mwezi wa tisa visu vilianza kutoa sauti. Cha kwanza kilikuwa cha Eliakimu mwenyewe, kisu kifupi kilichotoka Ufini chenye mpini wa mti mweupe. Alipokichomoa, ulisikika mlio wa kamba ya katani inayokatika, kwa kuwa kitu cha mwisho alichokikata kilikuwa kamba ya katani. Walisikiliza mpaka mlio ukaisha. Jumamosi mbili tatu zikapita, wakawa wameshaujua utaratibu: kisu kikichomolewa kwenye ala ndani ya uzio wa Eliakimu, kinatoa sauti ya kitu kilichokatwa mwisho, vilevile kilivyolia kilipokuwa kinakatwa. Ukikitoa nje ya geti, kimya. Eliakimu akasema basi, kuanzia sasa alama zitatolewa kwa chuma, mpini, makali, ala na sauti.

Sauti ziliwaaibisha watu. Anthony, mwanasheria, alikuwa na kisu kirefu cheusi chenye meno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Alikuwa ametoka kuwasimulia jinsi alivyopasua magogo nacho milimani, usiku wa baridi, kuni zimelowa. Alipokichomoa, kikatoa mlio wa mfuko wa sukari unaofunguliwa.

"Mheshimiwa," akasema Asma, "na hiyo dira inaonyesha kaskazini, au inaonyesha dukani kwa Mangi?"

Asma aliandika taarifa za vikao bungeni. Kisu chake kilifuliwa na mhunzi kutoka springi ya lori, kizito, hakina urembo, na kilipochomolewa kilitoa mlio wa ukuni wa mgunga unaopasuka. Hakuna aliyemtania.

Wa nne alikuwa Castory. Alikuwa na ranchi upande wa Chemba, na miezi miwili hakuonekana. Alirudi mwezi wa kumi, akasalimia, akaketi, akaweka mezani kisu ambacho walikuwa hawajakiona: kipana kidogo, mpini wa mpingo, chuma cha aina ile inayopata kutu kama hukipaki mafuta. Alisema hiki ndicho anachokipenda kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo. Tangu akinunue hakijashikwa na mkono mwingine, hata mkewe hajakigusa. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya sauti. Akakichomoa.

Kisu kikaongea Kigogo. Ilikuwa sauti ya kijana, ya chini, inayokwenda mbio. Eliakimu ni mtu wa Bukoba, Asma wa Tanga, Anthony wa Songea. Walisikia lugha tu, hawakusikia maneno. Penina alikuwa amesimama na jagi, anammiminia Anthony maji, na yeye aliyasikia yote. Sauti ilisema: Kaka, chukua wote. Huyu wa paji jeupe ni wa mama, niachie huyu tu. Kaka, mkono wangu. Kaka.

Ilikuwa sauti ya Sila.

Sila alikuwa kaka yake Penina, aliyemtangulia kuzaliwa. Alikuwa ameajiriwa kuchunga huko Chemba, analipwa ndama, na alikuwa ameshafikisha ng'ombe watano wa kwake. Mwezi wa sita alipotea na ng'ombe wake. Kituoni walimwambia mama kwamba vijana siku hizi wanakwenda kwenye machimbo bila kuaga, asubiri. Mama alisubiri. Kwao Kibakwe hawakuweka matanga, kwa sababu huwezi kumlilia mtu ambaye hujaambiwa kwamba amekufa, na kila jioni mama alimpakulia ugali Sila, akaufunika.

Maji yalijaa glasi, yakamwagikia blanketi. Penina aliona yanamwagika. Alipoinua macho alikuta Castory anamtazama. Hakutazama uso wake wala glasi. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Castory alieleza kwamba alikuwa amechinja mbuzi, na mchungaji mmoja alimsaidia kumshika, huenda kisu kilimgusa kidogo kidoleni. Wakakubali. Walichokuwa wanakiwaza wao ni kwamba hii ndiyo sauti ya kwanza ya binadamu kwenye meza yao. Anthony aliomba irudiwe. Castory akarudisha kisu kwenye ala, akakichomoa tena, na Sila akamwombea tena mama yake yule ng'ombe. Walimpa alama zote.

Sasa, Castory angeweza kukata kipande cha mkate njiani akirudi nyumbani, mambo yakaisha. Hakukata. Mtu asiye na ugonjwa wa visu asingefanya kosa hilo. Jumamosi iliyofuata alikileta vilevile, na iliyofuata, na kila mara alikuwa wa kwanza, na Eliakimu alimsihi asije akakikatia kitu chochote mpaka wenzao wa Arusha waje wakisikie. Castory aliahidi. Alikuwa anakipaka mafuta ya cherehani taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta, wakati Sila anaongea.

Penina alijifunza kupita barazani bila kutikisa trei. Aliosha vyombo, akapiga deki, akalala kwenye chumba cha uani huku ameegemeza ndoo ya maji mlangoni, maana mlango ule haukuwa na komeo. Aliwaza. Alihesabu kwamba Asma ni mwema, Anthony anajua sheria, baba Eliakimu hajawahi kumpandishia sauti. Watu hawa wanakaa na jambo hili mezani na hawasemi kitu. Akaona sababu ni moja tu: hawajui Kigogo. Kama wangeelewa maneno, wasingeendelea kula zabibu.

Lakini kuwaambia kwa mdomo wake aliogopa. Mdomo wa dada wa kazi ni mdomo wa dada wa kazi.

Jumamosi ya nne Castory alimwita.

"Dada, wewe unajua Kigogo?"

"Hapana, baba. Mimi Mhehe."

"Mhehe," alisema Castory. Alichukua kisu chake, kikiwa ndani ya ala, akamnyooshea, mpini mbele. "Basi nikatie ndimu nacho. Nyama inakaribia kuiva."

Hakuna kati yao aliyewahi kumpa mwenzake kisu, sembuse kumpa mtu wa jikoni. Eliakimu alilalamika kuwa sauti itapotea, na Arusha wamebakiza wiki mbili tu kuja. Castory alisema sauti hata ingekuwa nzuri vipi, huchosha. Hakumwondolea Penina macho mpaka alipoingia ndani.

Jikoni alifunga mlango. Ndimu sita zilikuwa kwenye sinia. Aliweka kisu mezani, akakiangalia mpaka pumzi ilipotulia, kisha akakichomoa.

Hakuwahi kumsikia Sila akiwa karibu hivyo. Barazani kulikuwa na watu, na upepo. Hapa alimsikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kusema kaka. Alikirudisha kwenye ala akakichomoa tena. Mara ya tatu alifumba macho, na aliposikia paji jeupe akaona lile paji, na mkono wa Sila umeshika kamba. Alijua kwamba akizikata ndimu, Sila atakuwa amekwisha, na Castory atapata alichokitaka. Akijifanya amezikata na asizikate, Castory atakichomoa barazani, atasikia, na atajua kuwa huyu dada anaelewa.

Alizikata ndimu zote sita kwa kisu cha jikoni, akazipanga kwenye sahani. Halafu akaufungua mkono wake wa kushoto juu ya sinki, akayaweka makali ya kile kisu kiganjani. Akavuta, na wakati anavuta alisema kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayesoma tangazo kanisani: "Naitwa Penina. Castory amemuua kaka yangu Sila huko Chemba, kwa kisu hiki, akachukua ng'ombe wake watano."

Alifunga kiganja kwa kitambaa cha sahani, akarudisha kisu kwenye ala, akabeba ndimu.

Castory alizitazama ndimu, akaridhika. Aliwaambia wenzake wasikilize ndimu inavyolia, huenda nayo inapendeza. Akakichomoa.

Kisu kilisema yote, kwa sauti ya Penina, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hakuna neno lililomezwa. Kilipomaliza kilitoa ule mguno mdogo alioutoa Penina kisu kilipofika kwenye mfupa. Penina alisimama na sahani. Alisubiri viti virudi nyuma, mtu asimame, mtu atoe simu.

Eliakimu ndiye aliyesema kwanza. Alisema ni safi kwa kweli, kila neno linasikika, ila ile ya kwanza ilikuwa na uzito fulani. Kisha akamwomba Castory safari nyingine akichomoe kwa chini kidogo, majirani wapo.

"Kisheria," alisema Anthony, "kisu hakiwezi kula kiapo. Na ile kauli ya mwanzo imeshafutwa. Kwa hiyo hata ukitaka kulinganisha, unalinganisha na nini?" Akachukua kipande cha ndimu, akakamulia nyama.

Asma alifungua mkoba wake wa porini, ule wenye kiberiti kisicholowa na vidonge vya kusafishia maji, akatoa bandeji. "Njoo hapa, mdogo wangu. Umekiosha hicho kidonda?" Alikiosha, akakifunga vizuri kabisa, kama alivyofundishwa kwenye semina. Mikono yake ilikuwa ya moto. Hakumwangalia usoni.

Alama zilitolewa. Castory alibaki wa kwanza, akapunguziwa moja kwa sababu ala ilikuwa imeingia damu, na damu huozesha ngozi. Alikubali bila ubishi. Alichukua kitambaa na mafuta, akaanza kukifuta kisu, akirudia sehemu moja mara nyingi.

"Kumbe dada ni wa hukuhuku," alisema. "Kwenu wapi?"

Penina alizipanga upya ndimu kwenye sahani. Eliakimu, ambaye hapendi mgeni aulize jambo likakaa bila jibu, alimjibia.

"Kibakwe. Pasaka nilimpeleka mwenyewe. Ukifika sokoni unashuka kwenye mashine ya kusaga, unavuka korongo, nyumba ya kwanza ina bati jipya. Anaishi mama yake peke yake. Mama mkarimu sana yule, alinipa jogoo."

"Mashine," alisema Castory. "Korongo. Bati jipya."

"Hivyohivyo. Huwezi kupotea."

Hapo Penina aliweka sahani chini. Kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kumwona mama, leo, hata kama ni kwa basi la mwisho. Eliakimu alimhurumia. Si mtu wa kumnyima mfanyakazi ruhusa, hasa akiwa ameumia mkono. Alisema mabasi ya saa hizi yanajaza watu, atajigonga kidonda bure. Alale tu, apumzike. Castory kesho asubuhi ana safari ya Mpwapwa, atamfikisha mpaka mlangoni.

Castory alirudisha kisu kwenye ala, akasema hakuna shida, gari lina nafasi, atapita kumchukua saa kumi na mbili.